Sukari, tezi na homoni: maswali mnayoniuliza kila wiki kliniki

Nafanya kazi kliniki ya sukari na maswali ni yaleyale, yanabadilika sura tu. Zamani mtu alikuwa anauliza "nile nini", siku hizi anakuja na simu mkononi, kasoma utafiti wa Marekani au Uingereza, anataka kujua kama unamhusu yeye wa Muheza. Ni swali zuri kuliko watu wanavyodhani, na karibu majibu yote ya hapa chini yanazunguka hapohapo: waliopimwa kwenye huo utafiti walikuwa watu gani, na wewe unafanana nao wapi. Sibadilishi dozi ya mtu kwa maandishi, hiyo mkaongee na anayekutibu akiwa na faili lako mbele yake.

## Vipimo kwanza

HbA1c ni kipimo gani, na kwanini nilipie wakati mashine ya kidole ninayo nyumbani?

Mashine ya kidole inakuambia sukari ya saa hiyo, basi. Na nyie nawajua, siku mbili kabla ya kliniki mtu anakula mchicha na maji, anafika kidole kinasoma 6, tunapongezana, kumbe wiki tatu zilizopita zote alikuwa anaogelea kwenye 14. HbA1c haidanganyiki kirahisi hivyo, yenyewe inapima sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo zinaishi kama miezi mitatu minne, unapata wastani wa miezi 2 hadi 3.

Ikifika 6.5% kwenda juu tunasema ni kisukari. Kwa damu ya mshipa asubuhi kabla hujala ni 7.0 (mmol/L, kama mashine ya kidole), na saa yoyote ile ni 11.1 kama una zile dalili za kiu na kukojoa kila saa. Asiye na dalili tunamrudia kipimo siku nyingine, hatumwandikii mtu ugonjwa wa maisha kwa namba moja.

Mimi nabeba sikoseli ila siumwi. Hicho kipimo kinafaa kwangu?

Hili ndo swali ninalotamani liulizwe zaidi. Mwaka 2017 zilitoka tafiti mbili ambazo kwa huku kwetu zilitakiwa zibandikwe ukutani kila maabara. Moja iliangalia Wamarekani weusi, ikakuta wanaobeba sikoseli HbA1c yao inasoma chini kwa kama 0.3 kuliko wasiobeba, hata sukari halisi ikiwa sawasawa. Nyingine ikaangalia upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), kitu cha kurithi ambacho nacho kipo sana maeneo ya malaria, na kwa wanaume wenye aina moja ya urithi huo kipimo kilisoma chini kwa kama 0.8.

Fanya hesabu sasa. Mtu alitakiwa asome 7.2, karatasi inasema 6.4, anaambiwa uko salama nenda nyumbani. Anarudi miaka minne baadaye macho yameshaanza kuharibika. Upungufu wa damu kwa kukosa madini chuma wenyewe unafanya kinyume, unaipandisha namba kwa uongo, na kama umeongezewa damu juzi au malaria kali imevunja damu yako, namba hiyo iweke pembeni kwa miezi kama mitatu. Mgonjwa wa sikoseli kabisa hatumpimi kwa HbA1c.

Kwa hiyo njoo na daftari lako la vipimo vya kidole, hata kama mwandiko mbaya. Kidole kikisoma 11 na 12 kila siku alafu HbA1c inasema 6.2, mimi naamini kidole.

HbA1c yangu inatakiwa ishuke mpaka ngapi? Jirani kaambiwa 6.5, mimi nimeambiwa 8.

Hamna aliyekosea. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulichukua watu waliogundulika karibuni, na waliodhibiti sukari mapema walionekana bado wanafaidika hata miaka 10 baada ya utafiti wenyewe kuisha. Matokeo hayo ya ufuatiliaji yalitoka 2008. Mwaka huohuo ukatoka ACCORD wa Marekani na Kanada, watu zaidi ya 10,000 wenye wastani wa miaka 62 na kisukari cha muda mrefu, wakasukumwa mpaka chini ya 6.0, na waliosukumwa wakafa wengi kuliko wenzao, ikabidi sehemu hiyo isimamishwe kabla ya muda.

Ukiziweka pamoja unaona kwanini kijana wa miaka 38 aliyegundulika mwaka jana namkazia 6.5, na mzee wa miaka 78 mwenye figo dhaifu namwacha kwenye 8 kwa amani. Mzee anayeanguka chooni saa tisa usiku kwa sukari kushuka, avunjike nyonga, hiyo 6.3 yake imemsaidia nini?

Mimi mwembamba kabisa, hata soda sinywi. Nimepataje kisukari?

Kwanza pole, maana najua umeshaambiwa "utakuwa ulikula sana". Vitabu tulivyosomea vilikuwa na sanduku mbili, mtoto mwembamba ni aina ya kwanza na mtu mzima mnene ni aina ya pili, na wagonjwa wetu wengi hawaingii vizuri kwenye hata moja. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, vijana na watoto 894 waliokuwa wanatibiwa kama aina ya kwanza, na 65% yao hawakukutwa na zile kingamwili zinazoonyesha mwili unashambulia kongosho. Yaani wengi wana kitu kingine. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likatambua rasmi aina ya tano, ile inayohusiana na lishe duni ya muda mrefu tangu utotoni.

Kliniki inabadilisha nini? Mtu mwembamba simpigii kelele apungue uzito, na simwongezei vidonge juu ya vidonge huku anakonda. Naangalia kama anahitaji insulini. Ila tafadhali msisome hapa mkaacha insulini kwasababu "labda mimi sio aina ya kwanza", hilo linaua ndani ya siku chache.

## Dawa

Metformini, kile kidonge cha sukari, inaharibu figo, si ndio?

Sio. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe na presha, metformini inasingiziwa kwasababu tunaisimamisha figo zikishachoka. Namba ya figo inayoandikwa eGFR ikiwa chini ya 30 tunaacha, chini ya 45 hatumwanzishii mtu mpya na aliyeko juu yake tunapunguza dozi.

Tumbo kuvuruga ni kweli, hasa wiki za mwanzo. Anza dozi ndogo, kunywa katikati ya chakula na sio kabla, au omba ile inayoyeyuka polepole. Kitu kimoja kinasahaulika sana: ukiitumia miaka mingi vitamini B12 inaweza kushuka, na miguu kuwaka moto usiku tukasema ni kisukari hicho kumbe nusu yake ni B12. Kama umefika mwaka wa tano na miguu inawaka, kumbusha wapime.

Nimeandikiwa dawa inayotoa sukari kwa mkojo. Si nilikuja kutibiwa kukojoa sukari?

Nacheka kila nikiulizwa hili ila lina mantiki. Dawa hizi, empagliflozini na dapagliflozini, zinaifanya figo iachie sukari itoke badala ya kuirudisha kwenye damu. Zilikuja kama dawa za sukari, alafu 2015 utafiti wa watu 7,020 wenye kisukari na ugonjwa wa moyo ukaonyesha vifo vya moyo vimepungua kwa 38%. Mwaka 2019 na 2020 zikaonekana zinasaidia moyo uliochoka na figo zinazokufa hata kwa mtu asiye na kisukari. Kwa hiyo kama una kisukari na miguu inavimba kwa moyo au mkojo una protini, usishangae daktari akikupa hata kama sukari yako sio mbaya sana.

Maudhi yake ni fangasi sehemu za siri, na watu wanaona aibu kusema wanaacha dawa kimyakimya. Jisafishe kwa maji baada ya kukojoa, na ukiwashwa sema, inatibika. Kuna hatari nyingine kubwa zaidi, nimeiweka chini kabisa kwenye swali la kuumwa na kutapika, lisome.

Sindano za kupunguza uzito zinafanya kazi kweli?

Zinafanya. Semaglutaidi, ambayo wengi mnaijua kama Ozempic au Wegovy, kwenye utafiti wa 2021 ilipunguza karibu 15% ya uzito kwa wiki 68, na tirzepatidi mwaka uliofuata ikafika kama 20%. Mwaka 2023 semaglutaidi ikaonyesha pia inapunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa 20% kwa watu wanene wenye ugonjwa wa moyo lakini wasio na kisukari. Shirika la Afya Duniani limeziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu Septemba 2025, kwa wenye kisukari aina ya pili pamoja na unene na ugonjwa wa moyo au figo. Harusi ya mwezi ujao haimo kwenye orodha.

Ugumu upo mfukoni. Ukiacha, njaa inarudi: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha kama theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo kabla hujauza pikipiki kununua miezi mitatu, jiulize mwezi wa nne unalipa nani. Mimi mgonjwa akiniambia ana hela ya miezi mitatu tu namwambia hiyo hela aweke kwenye stripu za kupimia na dawa za presha.

Na kina dada, tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hasa ukianza na kila dozi ikipandishwa, tumia na kondomu wiki nne. Kama unatafuta mtoto hizi sindano zinaachwa mapema.

Kuna mtu anaziuza hizo sindano mtandaoni kwa nusu bei, kalamu ya kujichomea ni ileile.

Kalamu ileile, ndani je? Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama wameingiziwa wao wenye ukaguzi wa kutosha, sisi tunaonunua kwa mtu wa DM tuko wapi. Usinunue.

Sina friji. Insulini si itaharibika?

Hapa utafiti ulikuja mpaka mlangoni kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiga joto hilo maabara kwa wiki nne, na insulini ikabaki na nguvu yake karibu yote, upungufu haukuzidi 1%. Ilichapishwa 2021. Kabla ya hapo tulikuwa tunawalazimisha wazazi wamlete mtoto kituoni mara mbili kwa siku kwasababu kwao hamna friji.

Kwa hiyo chupa uliyoifungua inakaa nyumbani wiki nne, kwenye kivuli. Chungu cha udongo chenye mchanga mbichi kinasaidia sana, weka chupa ndani ya mfuko usiingie maji. Usiiache kwenye gari wala juu ya bati, na usiigandishe, insulini iliyoganda ni ya kutupa. Zile za akiba ambazo hujafungua bado zinataka friji, hata ya zahanati au ya jirani.

## Chakula na "kupona"

Kisukari kinapona? Nimeona mtu kaacha dawa zote.

Aina ya pili inaweza kulala, na ikiamka inaamka kweli. Utafiti wa DiRECT wa Scotland na Tyneside uliwapa watu uji wa kopo wa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, alafu chakula kikarudishwa taratibu. Baada ya mwaka 46% walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa, baada ya miaka miwili 36%, na waliopoteza kilo 15 au zaidi walifanikiwa karibu wote, 86%.

Sasa angalia walikuwa akina nani: wanene, waliogundulika ndani ya miaka sita, hawatumii insulini, na wana nesi anawafuatilia. Ukiwa hivyo, tuongee, na dawa za sukari na presha tutazipunguza siku unayoanza maana zitakuangusha. Ukiwa na kilo 56 na kisukari cha miaka 15 (soma swali la wembamba hapo juu) ukijinyima hivyo utaumia bure. Na yule aliyeacha dawa kwa unga wa mizizi wa elfu thelathini, mwambie aje apime.

Niache ugali?

Hapana, punguza mlima. Dona ni afadhali kuliko sembe ila ukila donge la dona kubwa kama kichwa cha mtoto matokeo utayaona kwenye kidole.

Kitu cha bure ambacho nawapa wagonjwa: anza na mboga na dagaa au maharage, malizia na ugali au wali. Utafiti mdogo wa New York, 2015, watu 11 tu, ulionyesha sukari baada ya kula haipandi sana ukianza na mboga na nyama kama inavyopanda ukianza na wanga. Watu 11 ni wachache mno kujengea dawa, lakini hapa hamna gharama na hamna sumu, jaribu siku tatu na mashine yako. Na ukishakula usikae hapohapo kwenye kochi, tembea dakika 10 au 15 hata uani, misuli inaivuta sukari bila kusubiri insulini nyingi.

Kufunga masaa 16 kunasaidia?

Kunasaidia kama kunakufanya ule kidogo. Utafiti wa Guangzhou, China, wa 2022 uliwapa watu 139 kalori zilezile, wengine wakala ndani ya masaa 8 tu, mwisho wa mwaka uzito uliopungua haukutofautiana kwa maana. Chagua unachokiweza.

Na Ramadhani?

Njoo wiki sita mpaka nane kabla, sio siku ya mwandamo. Metformini inahamia futari na daku bila shida kubwa. Glibenklamidi, kidonge kinachoweza kuishusha sukari kupita kiasi, ndo inayotuletea watu hospitali saa kumi jioni, dozi kubwa inahamishiwa futari na ya daku inapunguzwa, ila apange daktari. Kujitoboa kidole hakufunguzi, hilo mashekhe na madaktari walishakubaliana. Sukari ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 fungua, hata kama zimebaki dakika ishirini adhana ilie. Mwenye insulini ya aina ya kwanza, mjamzito mwenye sukari na mwenye figo mbovu, wengi wao nawaomba wasifunge.

## Tezi na homoni nyingine

Nakunywa dawa ya tezi ya shingoni kila siku na TSH (kipimo kinachopanda tezi ikilegea) haishuki. Dawa feki?

Nikiuliza unakunywaje, jibu ni "na chai ya maziwa". Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo masaa manne, wajawazito mnisikie. Asubuhi ikikushinda kwasababu ya daladala, kunywa wakati wa kulala, masaa matatu baada ya chakula, kuna utafiti wa Uholanzi wa 2010 uliona inaingia vizuri hata kuliko asubuhi. Rudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 8, sio wiki ijayo.

Bibi ana miaka 74, TSH imepanda kidogo, T4 (homoni ya tezi yenyewe) nzuri. Aanze dawa?

Mara nyingi hapana. Utafiti wa TRUST wa 2017, wazee 737 wa miaka 65 kwenda juu, haukuona uchovu wala dalili zikipungua kwa waliopewa dawa. Mrudie kipimo baada ya miezi kadhaa, na huo uchovu wake mtafutie sababu kwenye damu na usingizi.

Nilikunywa vidonge vya kunenepa, nimeacha, sasa nazimia. Kwanini?

Kwasababu vingi vya hivyo vya kupimiwa kwenye kikaratasi ni deksamethasoni, dawa ya steroidi inayoiga homoni ya mwili. Uso unakuwa duara, unapendeza mwezi wa kwanza, sukari na presha zinapanda kimya, na tezi zilizo juu ya figo zinalala kwa kuwa mwili unaona steroidi imejaa tele. Ukiacha ghafla hamna anayezalisha: presha inashuka, unatapika, unaweza kufa. Mkorogo wenye klobetasoli, steroidi nyingine, ukipakwa mwili mzima miezi na miezi unaweza kufanya vilevile.

Mwongozo wa pamoja wa wataalamu wa homoni wa Ulaya na Marekani wa 2024 unasema aliyetumia chini ya wiki tatu au nne anaweza kuacha tu, zaidi ya hapo anashushwa taratibu. Unayezimia sasa hivi usisubiri kliniki ya Jumanne, nenda leo na kikaratasi chako. Hatugombi.

Nguvu za kiume zimepungua, nichomwe testosteroni?

Kwanza pima sukari, presha, na uangalie dawa unazotumia. Testosteroni inapimwa asubuhi, mara mbili. Kama kweli iko chini, utafiti wa TRAVERSE wa 2023 ulitutuliza kidogo kuhusu mshtuko wa moyo, ila mapigo kuvurugika na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi. Na hili hamuambiwi gym: inazima mbegu. Unayetaka mtoto usiguse.

## Kesi zinazochanganya

Naumwa, natapika, sijala. Niendelee na dawa?

Insulini ya msingi, ile ya muda mrefu, usiache, hasa aina ya kwanza, hata kama hujala kitu. Metformini na zile za kukojoza sukari simamisha mpaka uweze kula na kunywa, na kama unatumia dawa za presha za kukojoza maji piga simu kituoni kwako uulize.

Sasa ile hatari niliyoahidi. Mwenye dawa ya kukojoza sukari anaweza kupata asidi (ketoni) nyingi kwenye damu huku mashine inasoma 9 au 10. Anatapika, tumbo linauma, anahema harakaharaka, mapokezi wanapima kidole wanasema "sukari yako sio mbaya, ni malaria". Sema kwa sauti, natumia dapagliflozini, nipimeni ketoni. Ukipangiwa upasuaji inaachwa siku tatu kabla.

Kipimo kinasema tezi yangu inakimbia sana, lakini sisikii chochote. Inawezekana?

Nitakuuliza swali moja la ajabu: unakunywa vitamini za nywele na kucha? Zina biotini nyingi, na baadhi ya mashine za maabara zinatumia biotini hiyohiyo kwenye kupima, kwa hiyo zinasoma TSH chini na T4 juu wakati wewe mzima. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu hili 2017, na hata kipimo cha mshtuko wa moyo kinaweza kusomeka chini kwa uongo. Acha vitamini siku mbili tatu, rudia kipimo, alafu ndo tuanze kuongea habari ya dawa.